Kusoma Uzamili wa Anthropolojia Ujerumani: Mwongozo Kamili kwa Waombaji wa Afrika Mashariki

Mwombaji wa uzamili wa anthropolojia ya jamii na utamaduni hukwama mara nyingi sehemu mbili: fedha na barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unaomba. Fedha kila mtu anaziwaza tangu mwanzo. Barua wengi huiandika usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na ndiyo inayowaangusha. Mwongozo huu unafuata njia ya Ujerumani hatua kwa hatua, na utakaa zaidi pale ambapo waombaji wetu huteleza.

Kwa nini Ujerumani? Kwanza ada. Vyuo vingi vya umma havitozi karo ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu, kwa kawaida kati ya euro 100 na 350. Pili, Kiswahili kinafundishwa na kutafitiwa Bayreuth, Leipzig, Hamburg na Berlin, kwa hiyo utapata msimamizi na maktaba zinazokijua. Tatu, nyaraka na mikusanyo ya enzi ya ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki iko huko, na leo ni moja ya maeneo moto ya utafiti.

Uingereza ni njia nyingine. Uzamili huko ni mwaka mmoja, lakini karo ya mwanafunzi wa nje mara nyingi huvuka pauni 20,000, na bila ufadhili kama Chevening, unaodai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, wengi hawaiwezi. Norway ilianza kutoza karo wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023. Sweden inatoza pia, ila Swedish Institute hutoa ufadhili unaogusa nchi kadhaa za kwetu. Maombi yao hufungwa katikati ya Januari na ada ya kuomba ni kronor 900.

Tafuta kozi kwa jina lake

Ukiandika "Anthropologie" peke yake kwenye hifadhidata ya Kijerumani utaletewa mifupa, jenetiki au falsafa. Somo unalolitaka huitwa Ethnologie, Sozialanthropologie, au Kultur- und Sozialanthropologie. Hata chama cha wanataaluma wa somo hili Ujerumani kilibadili jina lake mwaka 2017, kikaachana na Völkerkunde na kuchukua Sozial- und Kulturanthropologie, ndiyo maana idara zenyewe bado zina majina mchanganyiko. Europäische Ethnologie na Empirische Kulturwissenschaft ni masomo jirani. Yana mizizi katika utafiti wa maisha ya kila siku ya Ulaya, na si lazima yakufae.

Pekua hifadhidata mbili: ile ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, ya kozi za kimataifa, ambayo hukuruhusu kuchuja kwa lugha ya kufundishia, na Hochschulkompass, yenye kozi zote. Kozi za anthropolojia zinazofundishwa kwa Kiingereza pekee ni chache. Panua wavu kidogo: masomo ya Afrika, uhamiaji, mazingira na jamii, anthropolojia ya tiba. Kozi isiyo na neno anthropolojia kwenye jina lake inaweza kuwa na wanaanthropolojia watupu ndani. Fungua orodha ya wahadhiri, uone walisomea nini na wanafanya utafiti wapi.

Mtego mmoja wa gharama: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Heidelberg, Freiburg na Tübingen, vyuo vitatu vyenye idara zenye jina, viko huko. Kwa miaka miwili ni euro 6,000 ambazo mwombaji wa Leipzig, Mainz au Halle hadaiwi.

Je, unastahili?

Vyuo hubadilisha alama zako kwa kanuni moja: chukua alama ya juu kabisa, toa alama yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kijerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu.

Mwenye GPA ya 3.8 kwa mfumo wa Tanzania, ambapo juu ni 5.0 na kufaulu ni 2.0, anapata hivi: 5.0 toa 3.8 ni 1.2. Gawanya kwa 3, zidisha kwa 3, inabaki 1.2. Ongeza 1, inakuwa 2.2. Kozi nyingi huweka mstari kwenye 2.5, yaani GPA ya 3.5, pale pale inapoanzia daraja la pili la juu. Aliyesoma Kenya kwa asilimia, ambapo kufaulu ni 40, anahitaji 70 kufika 2.5. Piga hesabu hii kabla ya kulipa ada ya kuomba popote.

Sharti la pili ni somo ulilotoka nalo. Aliyesoma sosholojia na anthropolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au anthropolojia Nairobi, hana shida. Aliyesoma ualimu, sheria au maendeleo ya jamii ahesabu krediti. Kozi nyingine hudai idadi fulani ya krediti za Ulaya, zile za ECTS, katika anthropolojia au sayansi ya jamii. Krediti moja ya Tanzania ni saa 10 za kazi na ECTS moja ni saa 25 hadi 30, lakini usijibadilishie mwenyewe. Ambatisha maelezo ya kila somo, yanayoonyesha mada, saa na vitabu vilivyosomwa. Mtu aliyesoma "Jamii na Utamaduni", "Jinsia", na "Mbinu za Utafiti wa Ubora" ana krediti zaidi ya anavyodhani, ila kamati haiwezi kuziona kwenye transkripti yenye majina ya masomo tu. Karatasi hizo omba idarani kwako mapema. Idara nyingine huchukua wiki kadhaa kuzitafuta.

Kagua pia chuo chako kwenye hifadhidata ya anabin. Alama ya H+ inamaanisha kinatambuliwa, H− hakitambuliwi, na H+/− unapaswa kuulizia.

Lugha

Kwa kozi za Kiingereza, IELTS ya 6.5 inatosha sehemu nyingi, na cheti chake huishi miaka miwili. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo kwamba shahada ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza. Uliza kwa barua pepe na uyahifadhi majibu.

Kwa kozi za Kijerumani utadaiwa mtihani wa lugha: DSH-2 au TestDaF ya kiwango cha 4 katika stadi zote nne. Kufika B2 tu, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, ni vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi. Hata kama kozi yako ni ya Kiingereza, fika ukiwa na A2, ngazi ya pili. Barua za serikali ya mtaa, mkataba wa nyumba na fomu ya bima zote huja kwa Kijerumani, na karani wa ofisi ya wageni halazimiki kukujibu kwa lugha nyingine.

Barua ya motisha: hapa ndipo watu huachwa

Barua nyingi kutoka kwetu huanza na kupenda utamaduni tangu utotoni, zinaendelea na utajiri wa makabila zaidi ya 120, na zinamaliza kwa nia ya kurudi kuhifadhi mila zinazopotea. Kamati ikisoma hivyo inaona mtu anayefikiri anthropolojia ni makumbusho ya mila. Wazo hilo taaluma yenyewe ilishaliacha, na liliwahi kuwatumikia watawala. Mwanaanthropolojia huuliza watu wanavyoishi sasa: wanavyokopeshana, wanavyorithi, wanavyougua, wanavyohama, wanavyosali, wanavyogombana. Mila ikiingia, inaingia kama jambo linalofanywa na watu leo kwa sababu zao za leo.

Kwa hiyo ijenge barua juu ya swali moja lenye mahali, watu na kitendo. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Ningependa kuchunguza nafasi ya wanawake katika uchumi wa Tanzania."

"Vikoba vya Mbagala huandika kwenye daftari kila faini ya kuchelewa, lakini faini nyingi hazilipwi wala hazidaiwi. Nataka kujua nani husamehewa, kwa maneno gani, na msamaha huo unajenga deni la namna gani kati ya wanawake ambao kesho watakutana msibani."

Ya pili ina mahali panapofikika na watu wanaohesabika. Ina kitu cha kushika mkononi, yaani daftari. Ina jambo lisilolingana, kwamba faini imeandikwa lakini haidaiwi. Na inagusa mjadala mkubwa wa taaluma kuhusu deni na zawadi bila kuutaja kwa mbwembwe. Msomaji anaona kazi ya miezi miwili inayowezekana. Ile ya kwanza ingehitaji wizara nzima.

Mpangilio unaofanya kazi kwa kurasa mbili ni huu. Aya ya kwanza ni swali lako, bila salamu ndefu. Ya pili ni ulichokwisha fanya kinachokuandaa kulijibu: tasnifu ya shahada ya kwanza, kazi ya kukusanya takwimu, kazi ya shirika, hata kuuza duka ikiwa huko ndiko ulikolionea swali. Ya tatu ni kwa nini idara hii: taja kozi mbili kwa majina yake na mwelekeo wa utafiti unaolingana na wako. Ya nne ni unachokosa, kwa ukweli, kwa mfano mbinu za uchambuzi au usuli wa nadharia, na kozi inakijazaje. Mwisho sentensi mbili za utakachofanya baadaye. Kurudi nyumbani kuandike kama ni kweli, ukitaja kazi yenyewe, si "kuleta maendeleo".

Lipo eneo moja ambalo mwombaji wa Kiswahili ana faida asiyokuwa nayo Mjerumani. Majumba ya makumbusho na vyuo vya Ujerumani vinatafiti asili ya vitu na mabaki ya watu waliochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900 na ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake. Mwaka 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na ndugu walio hai Tanzania. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Utafiti wa namna hii unahitaji mtu wa kusoma nyaraka za Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa, kule Berlin na wa kuzungumza na wazee wa Kilimanjaro au Ruvuma bila mkalimani. Ukichagua njia hii, jua kwamba nyaraka zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wengi hawausomi, na panga muda wa kuujifunza.

Nyaraka na kutuma maombi

Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, huduma ya pamoja ya kukagua maombi: euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huo. Wao hukagua vyeti tu, uamuzi ni wa chuo. Ukaguzi huchukua wiki nne hadi sita, hivyo anayetuma siku mbili kabla ya kufungwa hana nafasi ya kurekebisha kilichokosekana. Vyuo vingine hupokea moja kwa moja, na vingine hutaka kwanza hati ya ukaguzi ya uni-assist iitwayo VPD. Utakusanya hivi:

- cheti cha shahada na transkripti kamili, pamoja na ukurasa unaoeleza mfumo wa alama;
- vyeti vya kidato cha nne na cha sita (hivi husahaulika, na maombi hukataliwa kwa ajili yake);
- cheti cha lugha, wasifu wa kurasa mbili, barua ya motisha;
- barua mbili za mapendekezo kutoka kwa wahadhiri wanaokufahamu kwa kazi, si kwa cheo chao;
- pasipoti yenye jina linalofanana herufi kwa herufi na vyeti. Kama cheti kinasema Mwanahawa na pasipoti Mwanaawa, anza na kiapo cha majina.

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba. Tarehe ya mwisho maarufu ni 15 Julai, lakini kozi nyingi za kimataifa hufunga kati ya Januari na Mei, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu mwenye barua ya kukubaliwa mwezi Agosti hana muda wa viza. Hesabu miezi 15 kurudi nyuma: Julai ya mwaka unaotangulia chagua kozi na uanze lugha, Agosti hadi Novemba omba ufadhili, Desemba uwe na vyeti vyote mkononi.

Fedha

DAAD ndiyo mfadhili mkubwa, na ofisi yake ya kanda iko Nairobi. Mwanafunzi wa uzamili hulipwa euro 992 kwa mwezi, pamoja na mchango wa bima na nauli. Orodha yao ya EPOS, yaani kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, imeegemea maendeleo, mazingira, afya na mipango, na inadai uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili. Mwanaanthropolojia huingia humo kupitia kozi jirani. Taasisi za vyama vya siasa, kama Heinrich-Böll na Friedrich-Ebert, hufadhili pia, ila hutaka Kijerumani kizuri na ushahidi wa kujitolea kwenye jamii. Kazi ya msikitini, kanisani au kwenye serikali ya wanafunzi inahesabika, iandike.

Asiye na ufadhili hufungua Sperrkonto, akaunti inayokutolea kiasi maalumu kila mwezi. Kiwango cha mwaka mmoja ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Kuna kosa dogo linalorudisha watu nyuma wiki mbili. Benki za njiani hukata makato yao, na zikifika euro 11,880 badala ya 11,904 hutapewa hati ya uthibitisho. Iambie benki yako kwamba makato yote yawe juu ya mtumaji, na ongeza euro 50 hadi 100 juu. Peleka na barua ya chuo, maana benki itauliza sababu ya kutuma kiasi hicho nje.

Mbadala ni ndugu anayeishi Ujerumani kusaini hati ya kukubeba, Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Hati hiyo inamfunga kisheria kulipa gharama zako, kwa hiyo si jambo la kuombana kwa ujumbe wa WhatsApp.

Bima ya afya huangalia umri. Chini ya miaka 30 unaingia bima ya umma ya wanafunzi, takribani euro 140 hadi 160 kwa mwezi. Ukishavuka 30 punguzo hilo hulipati, utalipa zaidi au uende bima binafsi. Waombaji wetu wengi wamefanya kazi kwanza na wana miaka 31 au 34, na bajeti zao hazina mstari huu.

Viza

Viza unayohitaji ni ya taifa, aina ya D, kwa masomo. Ada yake ni euro 75. Maombi huanzia kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani, kisha unaitwa ubalozini kwa alama za vidole na mahojiano. Tenga wiki 4 hadi 12. Ofisa atakuuliza kwa nini somo hili baada ya shahada yako, kwa nini Ujerumani, na utaishije. Yaeleze yale yale yaliyo kwenye barua yako ya motisha, kwa maneno ya kawaida. Mhasibu anayetaka anthropolojia bila kueleza daraja kati ya vitu hivyo viwili anatia shaka.

Zamani aliyekataliwa aliweza kuandika pingamizi ubalozini. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa unaomba upya kwa gharama mpya au unakwenda mahakamani Berlin. Ingia ukiwa umekamilika.

Wiki za kwanza

Mambo hapa yana mnyororo, na kiungo kimoja kikikatika vyote husimama. Unahitaji chumba ili usajili anwani. Unahitaji usajili huo ili ufungue benki, Sperrkonto ianze kutoa pesa na upewe kibali cha ukaazi. Usajili unatakiwa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na mwenye nyumba lazima akupe hati iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Anayekupangisha bila kukubali kukupa hati hiyo, usimlipe. Omba chumba cha Studierendenwerk, shirika la huduma na mabweni ya wanafunzi, siku ile ile unayopata barua ya kukubaliwa. Berlin na München ni vita, ila Halle, Bayreuth na Leipzig unapumua. Beba pesa za matumizi za mwezi mmoja na nusu mkononi, kwa sababu mnyororo huo huchelewa.

Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Kazi ya msaidizi wa mwanafunzi ndani ya chuo haihesabiwi kwenye siku hizo, na kwa mwanaanthropolojia ndiyo yenye faida ya pili: unakaa karibu na maprofesa.

Darasani

Kozi ni mihula minne, ECTS 120, na tasnifu kwa kawaida ni 30 kati ya hizo. Semina hukutana mara moja kwa wiki na kila semina ina kurasa 40 hadi 80 za kusoma. Hakuna wa kukudai usomaji huo, ila ukikaa kimya wiki tatu mhadhiri huona. Ukifika na swali moja na ukurasa wake ulioandikwa pembeni, inatosha. Kazi ndefu ya muhula, Hausarbeit, ni kurasa 15 hadi 20, na hukabidhiwa wakati wa likizo. Zikirundikana tatu ndipo watu huongeza muhula wa tano. Mtihani au kazi usiyoisajili kwenye mfumo wa mtandaoni ndani ya dirisha lake haipo, hata ukiiandika vizuri namna gani.

Jambo la heshima: kumpinga mhadhiri kwa hoja ni sehemu ya semina na hakuna anayekasirika. Wanafunzi wetu wazuri hupoteza alama kwa kuandika muhtasari safi wa wanadharia na kumwachia profesa hitimisho.

Uwandani

Muhula wa tatu ndio wa kazi ya uwandani, wiki 6 hadi 12 kwa kiwango hiki. Kama unarudi Afrika Mashariki kuifanya, anza vibali miezi sita kabla. Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Zanzibar ina utaratibu wake. Mwanafunzi aliyesajiliwa chuo cha nje, hata kama ni raia, aandike mapema kuuliza aina ya kibali kinachomhusu, na atafute mhadhiri wa chuo cha ndani wa kumpokea. Mada ikigusa afya, Tanzania utaongeza kibali cha maadili cha NIMR.

Kibali cha taifa hakikufikishi kijijini. Kwa Tanzania Bara barua hushuka ngazi: katibu tawala wa mkoa, katibu tawala wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha mwenyekiti. Zanzibar mtu wa mwisho ni sheha. Kila ofisi hugonga muhuri na kubaki na nakala, kwa hiyo toa nakala kumi. Anayeruka mtendaji wa kata kwa kuwa "kijijini wananijua" ndiye anayeitwa ofisini katikati ya mahojiano.

Kibali chako cha ukaazi cha Ujerumani nacho hufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Ukihitaji zaidi, omba ruhusa ofisi ya wageni kabla ya kuondoka.

Sasa tatizo ambalo vitabu vya mbinu, vilivyoandikwa kwa ajili ya mgeni, havilisemi vya kutosha. Ukitafiti kwa lugha yako, watu watakujibu "si unajua mwenyewe". Mgeni angeelezwa kwa saa nzima. Wewe unapewa nusu sentensi, na nusu nyingine unaijaza kichwani bila kujua umeijaza. Dawa ni kuacha kuuliza mambo yalivyo na kuuliza tukio: "Mara ya mwisho mlipomsamehe mtu faini, ilikuwaje? Nani alianza kusema?" Tukio lina mpangilio na wasemaji, haliwezi kujibiwa kwa "unajua". Kingine ni kuandika maneno yenyewe yaliyotamkwa, kwa Kiswahili chake, badala ya tafsiri yako ya Kiingereza. Aliyeandika kwenye daftari kwamba watu walionyesha "solidarity" hatajua baadaye kama walisema umoja, kubebana, kustiriana au kufichiana.

Dondoo andika papo hapo, maelezo kamili usiku ule ule. Saa moja ya kuangalia inataka angalau saa moja ya kuandika, na ukilala nayo mazungumzo hubaki maana tu, sauti hupotea. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa tano au sita kunakili. Mahojiano 20 ni zaidi ya saa 100, kabla hujachambua neno lolote. Nakili matano muhimu yote, mengine sikiliza, weka alama za dakika, na tafsiri zile nukuu tu utakazozitumia.

Ridhaa: vyuo vya Ulaya hupenda fomu yenye sahihi. Kwetu sahihi huamsha hofu ya mkopo, ardhi au kodi. Omba kamati ya maadili ikuruhusu kurekodi ridhaa ya mdomo, eleza sababu, na uandike maneno utakayotumia. Posho nayo ijadili na msimamizi kabla ya kuondoka. Nauli na soda ni adabu, ila kulipa kwa kila mahojiano kunabadilisha majibu na kumharibia atakayekuja baada yako. Taarifa za watu zinalindwa na sheria, Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019, na Ulaya wana yao. Badilisha majina siku unayoandika, funga kompyuta kwa nywila, na usiweke sauti kwenye simu unayoazimana na wadogo zako.

Kabla hujaondoka na cheti

Omba ofisi ya mitihani nakala za Kiingereza za cheti na transkripti, na ile hati ya maelezo ya shahada iitwayo Diploma Supplement. Hifadhi pia kitabu cha moduli cha mwaka wako. TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya hutathmini shahada za nje kwa kuangalia muda, krediti na maudhui, na jina la Kijerumani lisiloeleweka kwenye cheti huleta maswali ambayo kurasa hizo huyajibu. Fanya hivyo ukiwa bado na barua pepe ya chuo, kwa sababu hufungwa miezi michache baada ya kumaliza na ofisi hizo hazipokei simu kwa urahisi kutoka nje.